Kalenda ya Thunderbird Haionekani? Usifute Kitu Kwanza

Kalenda nyingi za kompyuta zinazosemekana kupotea hazijapotea. Zipo, ila kuna kitu kimezifunika: kalenda imefichwa kwa kubofya bila kukusudia, tarehe ya kompyuta imerudi nyuma, au tukio limeandikwa kwenye saa ambayo skrini haiionyeshi. Hasara ya kweli huja baadaye, pale mwenye kompyuta anapoingiwa na hofu akaanza kufuta na kusakinisha upya. Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla ya yote: usifute chochote mpaka umalize kusoma makala haya. Hatua za mwanzo ni za kutazama tu na haziwezi kuharibu kitu, hata kama hujawahi kugusa mipangilio ya programu yoyote.

Nitaeleza kwa kutumia Thunderbird, programu ya barua pepe inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe badala ya kufunguliwa kwenye kivinjari. Hutolewa chini ya Mozilla, walewale wa Firefox, na ni ya bure. Gharama zake hulipwa kwa michango ya hiari ya watumiaji. Utakacholipia ni bando la kuipakua kutoka thunderbird.net. Menyu zake utaziona kwa Kiingereza, kwa hiyo nitayaandika majina ya vitufe kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Kalenda iko wapi?

Tazama ukingo wa kushoto wa dirisha la Thunderbird. Kuna safu nyembamba ya picha ndogo ndogo: bahasha ni ya barua, kitabu ni cha anwani, na ile yenye umbo la kalenda ndiyo unayoitaka. Ibofye mara moja. Kama safu hiyo huioni, bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kalenda itafunguka kwenye kichupo chake. Ukitaka kuona ratiba ya leo tu huku ukiendelea kusoma barua, bonyeza F11. Kipande kidogo kitajitokeza upande wa kulia, na ukibonyeza F11 tena kitaondoka. Watu wengi hukifunga kipande hicho bila kujua, kisha wakadhani kalenda nzima imeondoka.

Na menyu je? Kwenye Windows na Linux mstari wa menyu wa juu mara nyingi umefichwa. Gusa kitufe cha Alt mara moja utajitokeza. Tutauhitaji mara kadhaa.

Kama kompyuta yako ni ya zamani, fungua menyu ya "Help" kisha "About Thunderbird" uone namba ya toleo. Zamani kalenda ilikuwa kipachiko, yaani kiprogramu kidogo kinachoongezwa juu ya programu kubwa, na kiliitwa Lightning. Tangu toleo la 78 lililotoka mwaka 2020, kalenda imo ndani ya Thunderbird moja kwa moja. Mtu akikuambia upakue Lightning ili kalenda irudi, anakupa ushauri uliopitwa na wakati. Wenye Windows 7 au 8.1 nao wajue kwamba toleo la 115 ndilo la mwisho linalofanya kazi kwenye kompyuta zao. Kalenda utaipata humo, lakini usisubiri maboresho mapya.

Kalenda imefunguka, lakini ni tupu

Kwanza tazama tarehe. Ndiyo, tarehe ya kompyuta yenyewe, kule kwenye kona ya skrini. Kompyuta za mezani zilizotumika kwa miaka mingi huwa na betri ndogo ya duara ndani, aina ya CR2032, inayotunza saa hata umeme ukikatika. Betri hiyo ikiisha, kila ukizima na kuwasha kompyuta inarudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hapo Thunderbird inakufungulia mwezi wa mwaka huo wa zamani, na bila shaka hauna kitu. Si hivyo tu. Mawasiliano salama ya intaneti hukagua tarehe, kwa hiyo tarehe ikiwa ya uongo barua nazo zinagoma kuingia. Rekebisha tarehe kwenye mipangilio ya kompyuta, na tatizo likirudi baada ya kuzima, nunua betri mpya. Ni kitu cha bei ndogo, kinauzwa hata kwa mafundi wa saa, na fundi wa kompyuta hukibadilisha kwa dakika chache.

Tarehe ikiwa sawa, tazama orodha ya kalenda zako upande wa kushoto. Kila kalenda ina rangi yake, jina lake, na alama ya jicho. Kwenye matoleo ya zamani badala ya jicho kuna kisanduku cha tiki. Jicho likiwa limepigwa mstari, kalenda hiyo imefichwa. Bofya jicho, matukio yatarudi. Kama jina lote limefifia, kalenda imezimwa kabisa: bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha uiwashe tena. Kama pembeni ya jina kuna pembetatu ya tahadhari, Thunderbird inashindwa kuisoma kalenda hiyo. Hilo tutalifikia kwenye sehemu ya kalenda isiyojisasisha.

Sasa fanya msako wa jumla. Juu ya kalenda kunaweza kuwekwa orodha ya kutafutia matukio. Kama huioni, nenda menyu ya "View", sehemu ya "Calendar", uiwashe penye maneno "Find Events". Orodha hii ina kichujio, na mara nyingi kichujio hicho kimewekwa kionyeshe matukio ya siku chache zijazo tu, ndiyo maana mtu huona mistari miwili akadhani mengine yamefutika. Badilisha kichujio kiwe "All Events", kisha andika neno moja la tukio unalolitafuta, kwa mfano "harusi" au "kikao". Kumbuka kwamba msako haupiti kwenye kalenda zilizofichwa, kwa hiyo macho yote yafungue kwanza. Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inakupa jibu la wazi: tukio likionekana hapa, halijapotea, limekaa tu mahali usipopatarajia. Bofya mara mbili uone limeandikwa siku gani na saa ngapi.

Mara nyingi jibu litakuwa moja kati ya mawili yafuatayo, na yote mawili yanatugusa sana sisi wa huku.

Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta

Ukimwambia mwenzako kikao ni saa tatu asubuhi, mmeelewana. Ukiandika 3:00 kwenye kalenda ya kompyuta, umeandika saa tisa usiku. Thunderbird inapofungua mwonekano wa siku au wa wiki, huanza kuonyesha kuanzia saa mbili asubuhi, yaani 8:00, na kufikia saa kumi na moja jioni. Kikao chako kimebaki juu, kwenye sehemu isiyoonekana mpaka usogeze ukurasa kwa kipanya. Kipo, lakini kimelala usiku wa manane, na kikumbusho chake kimelia ukiwa usingizini na kompyuta imezimwa.

Njia ya uhakika ni kutumia saa 24 unapoandika. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jumlisha 6: saa tatu asubuhi ni 9:00, saa nane mchana ni 14:00, saa kumi jioni ni 16:00. Kuanzia saa moja ya usiku hadi saa tano, jumlisha 18: saa moja ni 19:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kama mnaitumia kalenda moja watu kadhaa wa familia au ofisi, kubalianeni wote kuandika hivyo. Mmoja akiandika kwa saa ya Kiswahili na mwingine kwa saa ya kompyuta, hakuna programu itakayowasuluhisha.

Jambo la pili ni mpangilio wa tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Thunderbird ya Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi. Ukiandika 3/4 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaweza kuelewa tarehe 4 Machi. Kosa hili ni baya kwa sababu halijionyeshi. Ukiandika 25/4 utaligundua, kwani hakuna mwezi wa 25, lakini tarehe zote za kuanzia 1 hadi 12 zinapita kimya kimya. Fungua "Settings", sehemu ya "General", utafute maneno "Date and Time Formatting", uchague mpangilio wa eneo lako badala ya ule wa programu. Funga Thunderbird na uifungue upya. Kwa chaguo hilo Thunderbird inafuata mpangilio wa kompyuta, kwa hiyo hakikisha na kompyuta yenyewe imewekwa nchi unayoishi.

Rudi kwenye "Settings", uingie sehemu ya "Calendar" uangalie mambo mengine mawili. Moja ni siku ambayo wiki inaanzia, Jumapili au Jumatatu, chaguo ni lako. La pili ni ukanda wa saa. Tanzania, Kenya na Uganda wako mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, na unaweza kuchagua "Africa/Nairobi" au "Africa/Dar_es_Salaam" bila tofauti. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako mbele kwa saa mbili, Oman kwa saa nne. Ukialikwa kwenye kikao na mtu wa London, acha Thunderbird ipige hesabu yenyewe, maana Uingereza husogeza saa zake mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Tofauti kati ya London na Dar es Salaam ni saa tatu wakati wa baridi kwao na saa mbili wakati wa kiangazi. Kikao cha kila wiki kilichokuwa saa kumi kamili jioni hapa kwetu, kikija saa kumi na moja kuanzia mwishoni mwa Oktoba, kalenda haijaharibika.

Na kama Jumamosi na Jumapili hazionekani kabisa? Nenda "View", kisha "Calendar", kisha "Current View", uondoe tiki kwenye "Workweek Days Only". Tiki hiyo huficha siku ambazo si za kazi, pamoja na harusi na misiba yote iliyoandikwa humo.

Nimeandika kwenye kompyuta, mbona kwenye simu hakuna?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linategemea kalenda inakaa wapi. Kuna kalenda ya ndani ya kompyuta, ambayo Thunderbird huitengeneza yenyewe na kuipa jina "Home". Hii ni kama daftari lililofungiwa kwenye droo: liko salama, lakini aliye mbali na droo halioni. Ukiandika humo, simu yako haitajua kamwe, na kompyuta ikiibwa au diski ikifa, matukio yanaondoka nayo. Kuna pia kalenda ya mtandaoni, inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotoa huduma, kama ile ya Google. Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye simu na kompyuta kwa pamoja.

Kuiunganisha kalenda ya Google na Thunderbird hakuna gharama nyingine zaidi ya bando, na matukio ni maandishi tu, hayali data nyingi. Kwenye ukurasa wa kalenda bofya kitufe cha kuongeza kalenda mpya, chagua "On the Network", andika anwani yako ya Gmail, kisha bofya "Find Calendars". Dirisha la Google litafunguka likuombe nenosiri na ruhusa. Ukisharuhusu, orodha ya kalenda zako itatokea, nawe utaweka tiki kwenye unazozitaka.

Kama dirisha hilo linafunguka na kujifunga, au linaganda bila kuendelea, chanzo huwa ni vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta yako ili ikutambue. Thunderbird ikiwa imezuiwa kuvipokea, Google haikuruhusu kuingia. Fungua "Settings", "Privacy & Security", uweke tiki kwenye "Accept cookies from sites", kisha ujaribu tena.

Wengine hutumia ile anwani ya siri ambayo Google hutoa kwa kila kalenda. Inafanya kazi, lakini ni ya kusoma tu. Huwezi kuongeza wala kubadilisha tukio kupitia hapo. Pia sipendi watu waitume kwenye makundi ya simu, kwa sababu yeyote aliyenayo anaweza kuona ratiba yako yote. Kama umeshaituma, ingia mipangilio ya kalenda hiyo ya Google uibadilishe, na ile ya zamani itakufa.

Ilikuwa inafanya kazi, sasa haijisasishi

Anza na jepesi. Kwenye menyu ya "File", sehemu ya "Offline", hakikisha Thunderbird haikuambiwa ifanye kazi bila intaneti. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha "Synchronize" kwenye ukurasa wa kalenda, ambacho huilazimisha ikalinganishe na seva sasa hivi. Kwa kawaida hufanya hivyo yenyewe kila baada ya dakika 30, kwa hiyo mabadiliko uliyofanya kwenye simu dakika tano zilizopita yanaweza kuwa bado njiani. Muda huo unaupunguza kwenye "Properties" ya kalenda.

Kama ulibadilisha nenosiri la Google hivi karibuni, Thunderbird inaweza kuwa bado inajitambulisha kwa ruhusa ya zamani. Ingia "Settings", "Privacy & Security", "Saved Passwords". Tafuta mistari inayohusu Google na uiondoe. Hii inafuta ruhusa iliyohifadhiwa tu, barua na matukio hayaguswi. Ukiifunga na kuifungua Thunderbird, itakuomba uingie upya.

Ikigoma bado, jaribu kuiwasha bila vipachiko: menyu ya "Help", kisha "Troubleshoot Mode". Kalenda ikionekana vizuri humo, basi kuna kipachiko kinachogombana nayo. Rudi kwenye hali ya kawaida uvizime kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi.

Kuhusu vikumbusho, kuna jambo watu hawaambiwi: Thunderbird hulia ikiwa imefunguliwa tu. Ukiifunga, hakuna kengele. Kwa jambo ambalo kulikosa ni hasara kubwa, kama kesi mahakamani au miadi ya daktari, weka kengele ya simu pia.

Kabla ya kugusa mafaili

Sasa tumefika kwenye hatua inayoweza kuleta madhara, kwa hiyo weka nakala rudufu kwanza. Bofya jina la kalenda kwa kitufe cha kulia, chagua "Export Calendar", uihifadhi kama faili linaloishia na .ics. Faili hilo linasomwa na karibu kila programu ya kalenda, kwa hiyo unaweza kuliweka kwenye flashi, kujitumia kwa barua pepe, au kuliingiza kwenye kalenda ya Google kupitia kivinjari. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuhamisha yaliyomo kwenye "Home" yaonekane kwenye simu. Fanya hivi kila mwezi hata kama hakuna tatizo.

Baada ya hapo nenda "Help", "Troubleshooting Information", utafute mstari wa "Profile Folder", ufungue folda hiyo, kisha uifunge Thunderbird kabisa. Ndani yake kuna folda iitwayo calendar-data yenye mafaili mawili ya kuyajua. La kwanza, cache.sqlite, ni nakala tu ya kalenda za mtandaoni. Likiharibika, kalenda huonyesha matukio ya zamani au hukataa kufunguka. Libadilishe jina, kwa mfano cache-zamani.sqlite, uwashe Thunderbird, nayo itapakua upya kila kitu kutoka kwenye seva. Usifanye hivyo kama kuna matukio uliyoandika bila intaneti ambayo hayajafika kwenye seva, maana hayo yatabaki nyuma.

La pili, local.sqlite, ndilo lenye kalenda yako ya ndani, ile "Home". Hili usilifute wala usilibadilishe jina, kwa sababu hakuna seva yenye nakala yake. Linakili kwenye flashi. Vivyo hivyo, ukibofya jina la kalenda ya ndani kwa kitufe cha kulia ukachagua kuifuta, matukio yake yote yanaondoka moja kwa moja. Kujiondoa kwenye kalenda ya mtandaoni ni tofauti, kwani kwenye seva inabaki na unaweza kuiunganisha tena.

Ukikwama, msaada rasmi uko support.mozilla.org na ni wa bure: unaandika swali lako kwa Kiingereza chepesi, ukitaja toleo la Thunderbird na aina ya kompyuta. Msaada huo haupatikani kwa simu. Ukiona mtandaoni namba ya simu inayojiita ya huduma kwa wateja wa Thunderbird, usiipige, usiwaruhusu waingie kwenye kompyuta yako, na usilipe hata senti. Ukienda kwa fundi wa mtaani, mwambie kabla hajaanza kwamba unataka folda ya "Profile" inakiliwe kwanza kwenye flashi, na simama karibu mpaka amalize kuinakili.